Breki Isiyoachia

Asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka 2025, nikiwa na safari ya Nyamisati kuyawahi maji ya kujaa ili niingie delta ya Rufiji kumtazama rafiki yangu wa utotoni, nilipanda bodaboda pale Bungu, ambapo njia ya Nyamisati huiacha barabara kuu ya Kilwa ikashika upande wa pwani. Na hatujafika mbali nilihisi kwa nyonga na mgongo, kabla akili haijanena neno, kwamba chombo tulichokipanda kinavutwa na kitu kilicho nyuma yetu. Kijana dereva alipopunguza moto penye mteremko, mahali ambapo kila pikipiki yenye afya hushuka kwa uzito wake yenyewe, yetu ilisita kama punda aliyeona nyoka njiani. Akatia moto, tukaenda, akapunguza, tukasita, na harufu ya kitu kinachoungua ikawa inatufuata, ikitupita kila upepo ulipogeuka.

"Mzee wangu," alisema kijana bila kugeuka, "samahani sana. Pikipiki hii imehusudiwa."

Akanieleza mambo yake. Chombo kile alikuwa nacho kwa mkataba, na mkataba umebaki miezi michache tu kwisha ili kiwe mali yake. Na tangu majirani walipojua kwamba kinakaribia kuwa chake, mafuta ambayo zamani yalimfikisha magharibi sasa hayamfikishi adhuhuri, na hesabu ya tajiri haitimii ila kwa kukopa. Amekwisha andikiwa kombe, nusu akanywa, nusu akanyunyiza juu ya tangi. Mimi si wa kumcheka. Rufiji ina sifa yake katika elimu ya mambo yasiyoonekana, na watani wetu hawaachi kutukumbusha. Fauka ya hayo Mtume, rehema na amani zimshukie, amepokewa akithibitisha kwamba jicho la hasidi ni kweli. Walakini kukiri kwamba jicho lipo duniani si sawa na kukiri kwamba jicho ndilo lililoshika gurudumu hili, katika njia hii, asubuhi hii. Na baina ya kukiri huku na kule ndipo anapokaa fundi.

Fundi tulimkuta chini ya mwembe, mtu wa makamo aliyevaa shuka ya msuli na fulana iliyokwisha geuka rangi kwa oili, vyombo vyake vyote vikiwa ndani ya debe lililokatwa ubavu. Baada ya salamu, na maswali ya afya na watu wa nyumbani ambayo hayaharakishwi hata kama maji ya bahari yanamngoja mtu, alisikiliza maelezo ya kijana mpaka mwisho, habari ya majirani na kombe ikiwamo, wala hakukanusha lolote. Kisha akapeleka mgongo wa kiganja chake karibu na kitovu cha gurudumu la mbele, pasipo kugusa. Akaupeleka kwenye la nyuma, akaurudisha upesi. Akachovya vidole ndani ya kopo la maji, akanyunyiza matone mawili matatu juu ya kitovu kile cha nyuma, yakachachatika na kutoweka.

Nilidhani sasa atashika spana. Hakushika. Aliipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akaitoa gia, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono na kuinamisha sikio. Liliviringika nusu mzunguko likafa. Akalizungusha tena na tena, na nilipomwuliza anasikiliza nini, alinijibu kwa upole wa mtu aliyezoea kufundisha vijana wavivu kwamba iwapo ukwaruzo ungesikika mara moja katika kila mzunguko kisha ukanyamaza, angeshuku kwamba ngoma ya breki imepoteza uduara wake au kwamba rimu imepinda. Lakini huu unakwaruza duara zima, kwa hiyo kinachoshika kinashika muda wote. Akabonyeza cheni kwa kidole akaona ina ulegevu wake wa haki. Akatikisa gurudumu kushoto na kulia kupima beringi, nazo zikawa hazina mchezo. Yote hayo aliyafanya polepole, na kila alilolikuta ni zima alilitaja kwa sauti, kama karani anayefuta majina ya waliofika.

"Cheni umeikaza lini, mwanangu?"

"Juma lililopita, fundi. Niliikaza mwenyewe kijiweni."

"Na nati ya breki uliilegeza?"

Kijana akanyamaza. Msomaji asiyeendesha pikipiki huenda asione uhusiano, nami sikuuona mpaka nilipoonyeshwa kwa kidole: breki ya nyuma ya pikipiki za namna ile huvutwa na fimbo ya chuma itokayo kwenye pedali mbele hadi kwenye mkono mdogo ulio ubavuni mwa gurudumu, na kwa kuwa cheni hukazwa kwa kulisogeza gurudumu zima nyuma, kila anayekaza cheni anaikaza na breki pamoja nayo, ijapokuwa hakuigusa wala hakuikusudia. Ndiyo kusema kwamba kijana huyu, aliyekuwa akimtafuta hasidi katika kila uso wa mtaani, alikuwa ameifunga breki yake kwa mkono wake wakati akifanya jambo jema kabisa. Fundi akailegeza nati mizunguko kadhaa, akalizungusha gurudumu; likaenda duara moja na nusu likasimama.

Hapa ndipo nilipomstahi mtu yule. Kosa lilikuwa limeonekana, tena kosa lenye maelezo mazuri na mkosaji aliyekiri. Fundi wa tamaa angepokea ujira wake hapo, na fundi wa kiburi angesema hilo lililobaki ni uzee wa chombo. Yeye aliona kwamba gurudumu limepata nafuu na halikupona, na nafuu, kwa mtu makini, huongeza shaka badala ya kuiondoa. Akaichomoa fimbo kabisa. Akabonyeza pedali, ikarudi kwa mshindo, akasema pedali ni nzima na hatairudia tena. Kisha akausukuma ule mkono mdogo wa gurudumu kwa kidole gumba: ulikwenda vizuri, ukakamata vizuri, alipouachia ulirudi kwa uzito na kusitasita, kama mzee aliyeamshwa katika usingizi wa mchana, na kabla haujafika kwao ukasimama.

Gurudumu likafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na udongo wa kijivu uliokauka na kugandamana. Kijana, alipoulizwa, alisema kwamba kabla haijafika kwake pikipiki ililala majini siku nne katika mafuriko ya Aprili 2024, mafuriko yale yaliyozitia maji nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti na kuwahamisha watu wengi. Maji yaliondoka, chombo kikaoshwa, kikang'arishwa, kikauzwa. Na lile tope lililoingia ndani ya ngoma likabaki, likala grisi, likaacha kutu katika tundu ambamo kijiti cha kutanulia breki huzunguka, na springi mbili zinazozirudisha breki shuu mahali pake zikalegea na kuoza. Fundi alizitoa zile breki shuu zenyewe akaziweka juu ya kipande cha boksi mbele yangu, akapitisha kidole juu ya uso wake.

"Tazama, Maalim. Hizi ni nzima. Zinakamata vizuri kuliko za pikipiki nyingi hapa. Tatizo lake hazijui kuachia."

Alisugua kijiti kwa msasa, akafuta ngoma kwa kitambaa kibichi badala ya kupuliza vumbi kwa mdomo kama nilivyoona vijana wakifanya, akatia grisi kadiri ya punje ya kunde, akiniambia kwamba ikizidi itavuja juu ya breki na kuinyima uwezo wa kukamata. Akatafuta springi mbili ndani ya mkebe wake wa misumari na nati. Mimi nilikuwa nimekwisha ondoka pale kwa fikira, ijapokuwa mwili wangu ulikuwa bado umekaa juu ya gogo.

Katika umri wangu nimesikia hotuba za Ijumaa zisizo na idadi, na aghalabu zilihusu watu wasio na breki: mlevi, mzinifu, mcheza kamari, mwenye ulimi usio na lijamu. Ni haki kuwahubiria, maana madhara yao yana damu na machozi yanayoonekana. Lakini sikumbuki kuisikia hata hotuba moja juu ya mtu aliyejizuia kwa haki, wakati wa haki, kwa sababu ya haki, kisha kizuizi kile kikabaki kimemshika baada ya sababu yake kuondoka. Mtu huyo hagongi watu wala hatajwi polisi. Anakwenda, ila anakwenda kwa gharama. Mafuta yake yanaisha adhuhuri. Ana joto mahali pasipopasa kuwa na joto. Na kwa kuwa kila amtazamaye anamwona anakwenda polepole kwa adabu, humsifu kwa utulivu. Je, kizuizi hicho ni wema bado? Swali langu lilikuwa hilo, nami nililiona kuwa ni swali la dini kabla ya kuwa la tabia, kwa maana vizuizi vikubwa vya nafsi, yaani khofu, haya na majuto, tumefundishwa na dini, nasi hatuna ruhusa ya kuvifungua na kuvitupa kama vyuma vikuukuu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigusa habari hii katika *Ihyaa* pale aliposema kuhusu khofu na matumaini, akaigawa khofu katika upungufu, uzidifu na wastani, na kuifananisha na mjeledi ambao lengo lake ni kumpeleka mnyama mwendo, si kumlemaza. Ni maneno makubwa, wala sina kimo cha kuyaongeza. Hata hivyo mizani yake ni mizani ya kiasi, ya kingi na kichache, na breki iliyokuwa juu ya boksi mbele yangu haikuwa na uzidifu wowote. Haikukaza kupita haki yake. Kama ungeipima nguvu zake saa ya kukanyaga pedali ungeikuta wastani mtupu. Ubaya wake ulikuwa katika wakati: ilikuwa ikitenda saa hii tendo lililokuwa wajibu wa saa iliyopita. Hili ndilo ambalo sikuwahi kulifikiri, kwamba sifa njema huweza kuharibika pasipo kuzidi wala kupungua, kwa kukosa tu springi ya kuirudisha mahali pake.

Chukua majuto. Imamu Nawawi wa madhehebu yetu ya Kishafii, aliyefariki mwaka 1277, ameyahesabu katika masharti ya toba pamoja na kuliacha kosa na kuazimia kutolirudia, na likiwa kosa lina haki ya mwanadamu ndani yake, kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe. Masharti matatu kati ya hayo yana mwisho wake au matunda yake dhahiri: umeacha, umeazimia, umerudisha. Majuto peke yake ndiyo yasiyo na mlango wa kutokea. Nani atakayesema sasa yametosha? Akisema mkosaji mwenyewe, tutamshuku kwamba amejihurumia. Akisema mwingine, atajibiwa kwamba hajui. Basi hubaki, na yakibaki huvaa vazi la uchaji, na mtu hufika siku ya kuyaogopa majuto yakimwondoka kuliko alivyoliogopa kosa lenyewe.

Au chukua udhu, ambao hakuna mtu wa pwani asiyemfahamu jirani mmoja aliyenaswa nao. Sunna ni kuosha mara tatu, na kuzidisha juu ya tatu kumechukizwa. Pamoja na hayo yuko mtu aoshaye mkono mara saba, akatilia shaka, akarudi mwanzo, hata imamu akatoa salamu yeye bado yuko kwenye birika. Wanazuoni wameushughulikia ugonjwa huu kwa ukali, na Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima ya kuwalaumu wenye wasiwasi. Dawa yao ni ile kanuni tuliyofundishwa chuoni, ya kwamba yakini haiondolewi na shaka: mwenye yakini ya udhu wake akashuku kama umetenguka, ana udhu. Nilipomwona fundi akiibonyeza pedali, akaikuta nzima, akaitaja kuwa ni nzima na asiirudie, nilijiambia kwamba huyu anaijua kanuni ile kwa mikono kuliko wengi waijuao kwa ulimi. Kwani yeye naye angeweza kuirudia pedali mara saba, na jua lingetuchwea pale tukiwa na pikipiki iliyopasuliwa na hakuna lililothibitika.

(Nitasema neno kando juu ya kombe la kijana, nisije nikadhaniwa nimelipita kwa dharau. Ghazali huyo huyo, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alikana kwamba moto huichoma pamba kwa lazima ya tabia yake, akasema ni desturi ambayo Mwenyezi Mungu ameiendesha, naye Ibn Rushd akamjibu baadaye kwa maneno makali. Mimi huwaachia wakubwa ugomvi wao. Lakini ninaona kwamba fundi wa chini ya mwembe anaweza kuishi na kila mmoja wao. Iwe ni lazima au ni desturi, kutu hushika chuma kila siku namna moja, na anayeamini kwamba desturi hiyo ni ya Mungu ana sababu kubwa zaidi ya kuitazama kwa makini kabla ya kuwatazama majirani.)

Delta yenyewe ina hadithi yake ya jambo hili la kizuizi kisichoachia, nayo ni hadithi ya chuma vile vile. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilipata hitilafu ya mitambo, ikarudi kujificha katika milango ya Rufiji nyuma ya mikoko, ambapo mwenye kupita baharini haoni kitu ila ukuta wa majani. Vyuma vilivyoharibika vilifunguliwa vikakokotwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ile ile kwa jasho la wachukuzi ambao hakuna aliyejishughulisha kuandika majina yao. Mashine ikapona. Ugonjwa uliokuwa sababu ya kujificha ukaondoka. Lakini maficho hayakuachia, kwa kuwa kufikia mwisho wa Oktoba Waingereza walikwisha kuigundua na kusimama milangoni, na meli ile yenye mashine nzima ikakaa ndani ya matope mwezi baada ya mwezi, hata tarehe 11 Julai 1915 vyombo viwili vya kina kifupi, Severn na Mersey, vikiongozewa mizinga yao na ndege zilizoruka kutoka Mafia, vikaimaliza. Mizinga yake 10 ilitolewa ikaburutwa kwenda kupigana bara. Watu huihadithia kama habari ya vita. Mimi, tangu siku ile ya Bungu, huifikiria kama habari ya kimbilio ambalo lilikuwa la busara siku ya kwanza na halikuwa na springi ya kumrudisha aliyekimbilia.

Nimezunguka mbali, na fundi alikuwa amekwisha maliza. Aliunga gurudumu, akarudisha fimbo, akarekebisha nati mpaka pedali ikawa na nafasi kadiri ya sentimita 2 au 3 kabla ya kuanza kukamata. Kisha akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja, likaviringika, likaviringika, likiwa na sauti ya cheni tu. Kijana akaangua kicheko cha furaha, akatia mkono mfukoni.

"Ngoja," akasema fundi. "Pandeni wote wawili."

Tukapanda pale pale, pikipiki ikiwa imeshushwa stendi, mimi na mkoba wangu nyuma. Fundi akachutama, akaibonyeza pedali kwa mkono, akatikisa kichwa, akalegeza nati nusu mzunguko. Ikawa ile nafasi aliyoiacha imepungua kwa kukaa kwetu; kwani shokapu zikibonyea kwa mzigo, mkono unaobeba gurudumu hubadili mwinamo wake na fimbo ya breki huvutika kidogo bila mguu wa mtu. Akatuambia kwamba ziko pikipiki zinazozunguka kama pia zikiwa juu ya stendi, mwenyewe akaapa kwamba hazina kasoro, na zikipakia abiria, seuze mishikaki ya watu watatu, zinashika njia nzima. Mwishowe akamwonya kijana asije akajiongezea ulegevu kwa kuupenda wepesi ule, kwa sababu breki isiyo na nafasi humchosha mtu na yenye nafasi kupita kiasi humzika. Alitoza ujira mdogo kuliko nilivyotarajia, na kwa habari ya majirani hakusema neno. Kijana naye hakuwataja tena mpaka Nyamisati, ijapokuwa sina hakika kama aliwasamehe au aliwasahau.

Sasa nimfikie rafiki yangu, ambaye kwa ajili yake nilikuwa njiani, na ambaye nilikuwa nikimfikiria tangu yale matone ya maji yalipochachatika. Yeye alikuwa nahodha. Miaka zaidi ya thelathini imepita tangu mashua yake ilipopinduka mlangoni mwa mto, siku ya kusi kali iliyopambana na maji ya kupwa, watu wakaokolewa wote isipokuwa mtoto mmoja. Wazee walikaa, wakauliza, wakaona hakuna uzembe. Mama wa marehemu alisamehe mbele ya mashahidi, akasamehe na fidia. Pamoja na hayo rafiki yangu alifunga miezi miwili mfululizo, akatimiza. Na tangu hapo hajashika usukani, hajakubali kusalisha hata watoto, hakai penye ngoma wala harusi, na udhu wake huanza na adhana na kumfikisha msikitini katika rakaa ya mwisho. Kisiwani kwake humwita mcha Mungu, na wa kwanza kumwita hivyo nilikuwa mimi. Nimewahi kumtaja kwa wanafunzi wangu kuwa ni mfano wa mtu anayeijua thamani ya roho.

Ndani ya mtumbwi, tukipita baina ya mikandaa na michu kwa pondo kwa sababu mwenye mashine alikuwa akiogopa mizizi, niliipanga hotuba yangu. Nilikuwa na khofu ya Ghazali, masharti ya Nawawi, kanuni ya yakini, na juu yake nilikuwa na breki shuu mbili nzima juu ya kipande cha boksi. Na sikumbuki kama nimewahi kujiona nimejiandaa vizuri namna ile. Baada ya magharibi, tukiwa barazani, yeye akirekebisha jarife lake kwa mwanga wa taa ya jua, nilimweleza yote kwa mpango: moto wa kitovu, cheni, fimbo, tope la mafuriko, springi zilizooza. Nikamwambia, kwa ulaini kadiri nilivyoweza, kwamba haki ya mwanadamu ilikwisha rudi kwa mwenyewe, na kosa, kama lilikuwa kosa, lilikwisha achwa, na kwamba kinachomshika sasa ni kutu.

Alisikiliza bila kuinua macho, sindano yake ikipita na kurudi. Nilipomaliza alikaa kimya muda wa kufunga mafundo mawili matatu.

"Huyo fundi wako," aliniuliza, "aliwapandisha nyote wawili?"

"Naam, alitupandisha."

"Kabla ya kusema imepona?"

"Kabla."

"Ndugu yangu," akasema, na hapakuwa na hasira ndani ya sauti yake, "wewe umenizungusha nikiwa juu ya stendi."

Sikuwa na la kujibu. Katika miaka yote hiyo nilikuwa nikimjia kwa maji haya na kuondoka kwa maji yale, nikila samaki wake, nikimsifu, nikirudi bara na habari za uchaji wake. Wala sikuwahi kukaa naye siku hata moja iliyotimia, tangu alfajiri mpaka isha, nikaona jinsi anavyoipita ile sehemu ya pwani ambapo watoto huogelea. Niliyajua makosa yake yote ya kuachia kwa sikio na kwa kitabu. Mzigo wake sikupata kuubeba hata dakika moja.

Usiku nilimsikia akiamka mara mbili kutawadha, nami nikajizuia kuhesabu. Maji ya alfajiri yalipojaa, mwenye mtumbwi alikuja kunigongea mlango, nikamwambia aende.